Mkubwa Ni Jaa: Heshima na Madaraka Ukambani

Mwanasiasa anayeteremka kwenda Mombasa kwa barabara ni nadra kuipita Salama bila kusimama. Mji wenyewe ni wa malori na matatu, uko ndani ya Kaunti ya Makueni, ukishaipita Malili ukitokea Nairobi na kabla hujafika Sultan Hamud. Msafara unapunguza mwendo, paa la gari kubwa jeusi linafunguka, mheshimiwa anachomoza kifua nje, na mtu anampokeza kipaza sauti. Wachuuzi wanaacha biashara kwa dakika kumi. Katika dakika hizo atasalimu kwa Kikamba cha kuokoteza, ataahidi lami, kisha atamshukia mpinzani wake: mwizi, kibaraka, msaliti. Vijana wa bodaboda watapiga honi. Halafu paa linafungwa, msafara unashika njia ya Emali, na huko maneno ni yale yale.

Ukimuuliza mzee aliyekuwa amesimama pembeni, atakwambia zamani haikuwa hivi. Watu walikuwa na heshima. Ninakubaliana naye nusu. Heshima ilikuwepo, tena nyingi, ila siyo ile tunayopenda kuisifu siku hizi, ya raia kufunga mdomo mbele ya mkubwa. Ukambani ya kabla ya serikali, aliyedaiwa adabu kwanza alikuwa mwenye madaraka. Alitakiwa akae, asikilize, avumilie, na akikosea alipe. Mambo yaligeuzwa juu chini baadaye, na tunaweza kuwataja waliogeuza, na miaka pia.

Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu. Makao yao yaligawanyika katika mitaa midogo iliyoitwa utui, na juu ya mashauri ya mtaa lilikuwepo baraza la wazee, nzama. Mtu hakuzaliwa mjumbe wa nzama. Alipanda ngazi kwa umri na kwa malipo: mbuzi kwa daraja hili, fahali na pombe ya asali kwa daraja lile, na waliomtangulia ndio waliokula. Ni mpango wenye ujanja, maana uliwalisha wazee, lakini ulikuwa na faida yake pia: aliyefika juu alikuwa ametumia mali yake mbele ya macho ya watu, na mwanawe hakukirithi kiti hicho. Kesi ya deni, ya mahari au ya ng'ombe aliyekula shamba la mtu ilisikilizwa chini ya mti, kila upande ukisema hadi uchoke, na mwisho wake ulikuwa maafikiano ambayo pande zote mbili ziliweza kuishi nayo. Nzama haikuwa na polisi. Silaha zake zilikuwa faini, aibu, na kile kiapo cha kutisha cha kithitu, ambacho watu walikiogopa kwa sababu kiliaminika kuifuata familia nzima ya mwongo.

Mfumo huo tusiupambe kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na nafasi kwenye nzama. Vijana walitumwa tu. Na kulikuwa na king'ole, hukumu ya jamii nzima dhidi ya mwizi sugu au mtu aliyetuhumiwa uchawi, ambayo mwisho wake ulikuwa kifo. Hata hivyo king'ole ilikuwa na sharti linalostahili kuangaliwa: ndugu wa karibu wa mshtakiwa walipaswa kukubali kwanza. Bila idhini yao wazee hawakuweza kugusa mtu, kwa sababu kisasi kingefuata. Madaraka makubwa kuliko yote, ya kutoa roho, yalibidi kubisha hodi mlangoni kwa watu wa nyumba ileile yaliyotaka kuiadhibu.

Mgeni wa kwanza wa Kizungu kuandika juu ya mambo haya kwa kirefu, mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliona kitu hiki na kikamshangaza. Mwezi Novemba 1849 alitoka Rabai, akafika Kitui kwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika Mombasa. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Lakini kwa somo letu lenye uzito zaidi ni maelezo yake kuhusu uongozi: kwamba kwa Wakamba mtu hupata nguvu kwa mali, kwa wepesi wa ulimi, kwa umbo linaloheshimika, na zaidi ya yote kwa sifa ya kuweza kuleta mvua. Orodha hiyo inachekesha kidogo kwa sababu ukiondoa mvua, ndiyo orodha ya mgombea wa leo. Tofauti ni kwamba Kivoi hakuwa na askari wa kumlazimisha mtu abaki upande wake. Watumishi, wateja na majirani wangeweza kumhama. Aliuawa mwaka 1851 safarini karibu na Mto Tana, Krapf akiwa naye, na ufalme haukuanguka kwa sababu haukuwepo.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipiga kambi Machakos mwaka 1889, na mwaka 1892 akaja John Ainsworth kuisimamia. Vitabu vya historia vya shule za sekondari husimulia mkasa wa siku hizo za mwanzo: watu wa kampuni walikata mti wa ithembo, mahali patakatifu pa kutambikia, wapate mlingoti wa bendera, na mwanamke mmoja, nabii Syonguu, akawaongoza watu kupinga. Ni vigumu kubuni kisa kinachofaa zaidi. Mahali pa kuombea mvua pakawa mahali pa kupigia saluti.

Reli nayo ilipita Makindu na Kima, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kituo kimoja kikapewa jina la Sultan Hamud wa Unguja, aliyekuja kuitazama ikijengwa. (Jina la mkubwa aliyepita mara moja limebaki, majina ya waliobeba mataruma hayako popote.) Kisha mwaka 1902 ikatolewa sheria ya wazee wa vijiji, na mwaka 1912 sheria ya mamlaka za wenyeji ikamwongezea chifu meno: kukusanya watu kwa kazi, kuzuia pombe, kukamata. Wazee wengi wa nzama walijitenga na kazi hiyo, wakasukuma mbele watu wa kawaida, wakalimani wa zamani au waliowahi kutumika kwenye misafara na kwenye ngome. Serikali ikamvika mtu kofia na kumwambia yeye ndiye mkubwa, wakati majirani zake walijua hajawahi kulipa hata mbuzi mmoja.

Hapo ndipo baraza lilipobadilika sura. Kwenye nzama wazee walikaa kwenye vigoda, na msemaji alisimama katikati yao. Kwenye baraza la chifu, bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, alikaa kwenye kiti chenye egemeo, chifu akasimama kando yake, raia wakaketi chini juani, na neno likatoka juu kwenda chini. Methali iliyotawala hapo ni ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ile nyingine, kwamba mkubwa ni jaa, yaani kila mtu humtupia taka zake na yeye hana budi kuzipokea, ilisahauliwa kabisa upande wa kiti.

Watu walijibu kwa njia nyingi, na serikali karibu kila mara ilizisoma zote kuwa utovu wa nidhamu. Mwaka 1911 Siotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuaovio waliongoza vuguvugu la ngoma za kupandisha mashetani, watu wakaacha kutii machifu. Siotune alihamishiwa Kismayu. Mwaka 1922 akaja Ndonye wa Kauti, aliyetabiri kuondoka kwa Wazungu, naye akapelekwa mbali na kwao. Sina hakika kama ilisaidia serikali. Mtu aliyefukuzwa kwa kusema hubaki akisema, ila kwa vinywa vya wengine.

Kesi iliyoonyesha wazi zaidi jinsi sheria mbili zilivyogongana ni ile ya mwaka 1932, inayojulikana kwa jina la mshtakiwa wa kwanza, Kumwaka wa Mulumbi. Wanaume 70 walishtakiwa kwa kumuua mwanamke waliyemtuhumu kuwa mchawi. Hawakukana. Kwa hesabu yao walikuwa wametekeleza king'ole, jambo halali lililofanywa mchana na watu wengi ili asiwepo muuaji mmoja. Mahakama ikawahukumu kifo watu 60. Adhabu hiyo haikutekelezwa. Ilipunguzwa kuwa kifungo. Mwanamke yule aliuawa kikatili na hakuna utamaduni unaoweza kuifuta damu yake. Lakini tazama pia mshangao wa wale wanaume mahakamani: waliokuwa wakiaminiwa kuwa nguzo za mtaa waliambiwa kwamba mamlaka waliyoyajua maisha yao yote hayapo na hayajawahi kuwepo.

Sasa tufike 1938, ambako ningependa tukae kidogo, kwa sababu sijui tukio jingine la siasa Ukambani lililokuwa na adabu kama hili.

Miaka ya 1930 vilima vya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, vilikuwa vimechakaa. Ukame, nzige, na ardhi iliyobanwa na mashamba ya walowezi viliacha udongo mwekundu ukiserereka na kila mvua. Serikali iliamua kosa ni la ng'ombe. Mifugo ikahesabiwa, iliyoruhusiwa ikapigwa chapa, iliyozidi ikachukuliwa na kupigwa mnada. Kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River na ilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Ili uelewe uchungu wake, usifikirie nyama. Ng'ombe ndiye mahari ya mwanao, ndiye faini kwenye nzama, ndiye akiba siku mvua inapokataa. Kumnyang'anya mtu ng'ombe ni kumnyima uwezo wa kuoa, kulipa deni na kupatana na jirani.

Samuel Muindi Mbingu na wenzake waliunda chama, Ukamba Members Association. Waliandika barua. Walituma simu za maandishi hadi London kwa waziri wa makoloni. Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria, aliwasaidia; Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza, aliisukuma habari hiyo huko. Barua zilipokosa majibu ya maana, mnamo tarehe 28 Julai 1938 watu walianza kutembea kwenda Nairobi: wanaume, wanawake na watoto, takribani 2,000. Walipiga kambi Kariokor. Ombi lao lilikuwa moja tu, kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham.

Walikaa wiki sita. Fikiria hiyo kambi: watu wa vijijini katikati ya mji ambao Mwafrika alitakiwa kubeba kipande shingoni ili aingie, na wiki zikapita bila fujo. Gavana alikataa kuwaona pale. Kumwona mtu aliyekuja kwako bila kuitwa, kwa mawazo ya kiserikali, ni kumpa haki asiyostahili. Alikwenda Machakos mwezi Agosti kuhutubia baraza, kwa utaratibu unaofahamika, yeye juu na wao chini, na walio Kariokor hawakuondoka kwa ajili hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo maofisa hawakulisema kwa sauti lakini lilikuwa likiwanyima usingizi: katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, Wakamba walikuwa wengi mno kulinganisha na idadi yao nchini. Baba wa askari alikuwa amelala Kariokor akidai ng'ombe. Mwanahistoria Myles Osborne, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu Wakamba na dola ya Kiingereza, anaeleza kwamba uaminifu wao uliosifiwa sana ulikuwa jambo la kujadiliana muda wote. Waingereza waliuona kama tabia ya kuzaliwa nayo. Wenyewe waliuona kama mkataba.

Mwisho wake ulikuwa wa aina mbili kwa mpigo. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Na kabla mwaka haujaisha serikali ikaacha kupunguza mifugo kwa lazima. Ni kawaida ya watawala kukubali hoja na kumfunga aliyeitoa, ili isije ikaonekana kwamba walisikia. Leo Muindi Mbingu ana barabara katikati ya Nairobi, na sidhani wengi wanaoegesha magari hapo wanajua kwamba alifungwa kwa kosa la kuomba miadi.

Uhuru ulipokaribia, Ukambani ilikuwa na mtu wa sampuli nyingine kabisa. Paul Ngei alikamatwa Oktoba 1952 na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, akarudi 1961 akiwa shujaa. Mwaka 1962 alijitoa katika chama cha KANU na kuunda chama chake, African People's Party, akaondoka na Ukambani, kisha akarudi KANU kabla bendera haijapandishwa Desemba 1963. Ngei alipendwa kwa ujeuri wake. Watu waliona ndani yake kisasi cha miaka yote ya kukaa chini juani: hatimaye mmoja wetu anayemjibu mkubwa vilivyo. Shida ni kwamba ujeuri ukishapewa ofisi hauchagui wa kumjibu. Mwaka 1975 mahakama ilimkuta na hatia ya kosa la uchaguzi lililohusu kumtisha mpinzani, akapoteza kiti. Bunge likabadilisha katiba kwa haraka isiyo ya kawaida ili Rais aweze kumsamehe mtu wa aina hiyo, Ngei akasamehewa, na 1976 akarudi bungeni. Sheria mama ya nchi ilipindwa kwa ajili ya urafiki wa wakubwa wawili. Kwangu hilo ni tusi kubwa kuliko neno lolote linaloweza kutoka juu ya paa la gari pale Salama, ingawa lilifanywa kwa lugha safi na watu waliovaa suti.

Waliokuwa na lugha ya upole hawakupona pia. Mwaka 1971, baada ya njama ya mapinduzi kufichuliwa, Jaji Mkuu Kitili Mwendwa wa Kitui, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, alijiuzulu baada ya kutajwa, na mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, akaondoka vilevile. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa miaka tisa na nusu. Somo ambalo viongozi wa Ukambani walijifunza hapo lilidumu miaka ishirini: kaa karibu na ikulu, usiinue sauti.

Enzi ya Daniel arap Moi ilikamilisha kazi hiyo. Mulu Mutisya, mwenyekiti wa New Akamba Union na mbunge wa kuteuliwa, alikuwa ndiye mlango wa kumfikia Rais, na wasomi wengi walipanga foleni mbele ya mtu ambaye hakuwa na masomo makubwa. Wengi wamemcheka kwa hilo. Mimi huona alikuwa karibu na mzee wa nzama kuliko wao: alijua nani anadaiwa nini na nani. Ila nzama yake ilikuwa ya mtu mmoja, na ilihesabu shukrani kwa Rais kama kodi. KANU nayo ikawa na kamati ya nidhamu iliyowaita wabunge kueleza kwa nini hawakupiga makofi ya kutosha. Mwaka 1988 kura za mchujo zikapigwa kwa mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea huku chifu akitazama nani amesimama wapi. Mahali pengine foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, mchana, watu wote wakiiona. Kuna namna nyingi za kumdharau mtu, lakini kumwambia asiamini macho yake ni ya peke yake.

Na chifu mwenyewe? Kwa sheria alikuwa bado na karibu madaraka yote ya mwaka 1912. Kaluvu, pombe ambayo bila yake mahari haikukamilika na waliogombana hawakupatanishwa, ilikuwa haramu. Wazee waliokuwa wakimalizia shauri la mpaka wa shamba waliweza kukurupushwa na askari wa chifu, kibuyu kikapasuliwa, na wao kulala ndani. Siku ya baraza chifu huyo huyo aliwahutubia kuhusu heshima kwa viongozi.

Sauti iliyojua kusema kweli bila kutukana ilitoka kanisani. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Ukambani na askofu wa kwanza wa Machakos mwaka 1969, alihamia Nakuru 1971, na ni huko alikokuwa wakati mapigano ya kikabila yalipolipuka Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alitaja kilichotokea, akataja wajibu wa serikali, akawahifadhi waliofukuzwa makwao. Hakuhitaji kupaza sauti. Kuna watu hudhani ustaarabu katika siasa ni kusema nusu ya jambo. Ndingi alisema jambo zima kwa sauti ya kawaida, na hiyo iliwakera wakubwa kuliko kelele.

Ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 na Charity Ngilu. Kisa cha kuingia kwake kinasimuliwa Kitui kote: wanawake walifika kwake wakiimba, wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamwambia agombee. Alishinda Kitui ya Kati, na mwaka 1997 akagombea urais. Tukumbuke kwamba mwanamke hakuwa na kigoda kwenye nzama. Nyiva Mwendwa alikuwa amekwisha kutangulia bungeni tangu 1974, na 1995 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri kamili. Lakini Ngilu alikuja na mdomo. Alijibizana na maofisa wa wilaya hadharani, jambo ambalo wazee wengi waliliona ni kukosa nthoni, ile haya inayomfanya mtu mzima ajue mipaka yake. Miaka 25 baadaye, 2017, Kitui ileile ilimchagua gavana.

Katikati ya hayo kulikuwa na mageuzi madogo ambayo hayakupewa sherehe. Makubaliano ya vyama ya mwaka 1997, yaliyoitwa IPPG, yaliondoa hitaji la leseni ya kufanya mkutano na kupunguza madaraka ya machifu. Tangu hapo mtu wa Salama angeweza kumwarifu polisi tu kwamba atakuwa na mkutano. Miaka 85 baada ya sheria ya 1912, raia alirudishiwa haki ya kukaa chini ya mti na wenzake.

Kalonzo Musyoka, mtoto wa Tseikuru, ndiye aliyejaribu kuugeuza upole kuwa mkakati wa kutafuta urais. Mwaka 2007 alisema angepita katikati ya wagombea wawili waliokuwa wakipigana. Alikuwa wa tatu, na Januari 2008, nchi ikiwaka, akateuliwa Makamu wa Rais. Waliompenda waliita hiyo busara; wengine hawakumsamehe. Kura ya maoni ya katiba ilipofika 2010 akabandikwa jina la tikitimaji, kijani nje na nyekundu ndani, kwa sababu hakueleweka yuko upande upi wa rangi za kampeni. Nadhani jina hilo lilimwonea kidogo, lakini lilikuwa na haki yake pia. Upole wa kisiasa usiosema unasimama wapi huwalazimisha watu wakubunie msimamo.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na kaunti zikaleta wakubwa wapya. Mwaka 2014 Bunge mjini Nairobi lilijishughulisha kuwapiga magavana marufuku kupeperusha bendera kwenye magari yao. Mwaka huohuo, Septemba 23, risasi zilifyatuliwa kwenye bunge la Kaunti ya Makueni mjini Wote. Gavana Kivutha Kibwana, profesa wa sheria na mwanaharakati wa katiba, alikuwa kwa miezi mingi kwenye mvutano na wawakilishi wa wadi kuhusu bajeti: wao walitaka mafungu yaende huku, yeye akakataa. Siku hiyo pande mbili zikakutana na walinzi wenye bunduki. Watu sita walijeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya gavana. Hoja ya bajeti ilikuwa imejibiwa kwa bunduki ndani ya uwanja wa bunge la kaunti.

Kilichofuata kina mwangwi wa 1938. Wakazi wa Makueni walikusanya sahihi. Sheria inataka angalau sehemu ya kumi ya wapiga kura waliosajiliwa ili kumwomba Rais aisimamishe serikali ya kaunti, na sahihi hizo zilipatikana. Tume ikaundwa chini ya wakili Mohamed Nyaoga, ikasikiliza mashahidi mwaka 2015, na kupendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa, kwa maelezo kwamba wahusika wapatane. Waliosaini walikasirika, lakini matokeo yalikuwa kwamba waliorushiana risasi walilazimika kupitisha bajeti pamoja kwa miaka miwili. Uchaguzi wa 2017 ulipofika, Kibwana alirudi na wawakilishi wengi hawakurudi. Hakuna aliyepigwa. Ilikuwa ni king'ole ya karatasi.

Kitu kingine kilikuwa kikiendelea vijijini wakati huo, na hakikupata vichwa vya habari. Makueni iligawanya mashauriano ya bajeti kuanzia kijiji, na kaunti ina vijiji zaidi ya 3,000, kisha kundi la vijiji, wadi, kaunti ndogo, hadi mkutano wa kaunti nzima. Wananchi walichagua mradi, halafu wakachagua kamati ya wakazi ya kuusimamia, ambayo mkandarasi alitakiwa kuionyesha kazi kabla ya kulipwa. Mkandarasi aliyezoea kumalizana na mtu mmoja ofisini alijikuta akimweleza mama wa kijiji kwa nini saruji ni kidogo. Maswali mengine kwenye mikutano hiyo huwa makali, na ofisa hulazimika kuyajibu akiwa amesimama, wananchi wamekaa. Mpangilio huo wa viti si jambo dogo.

Sheria nayo ilisogea. Aprili 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 132 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya kuwa ni jinai kushusha hadhi ya mamlaka ya mtumishi wa umma. Kifungu hicho kilikuwa mrithi halali wa kiti cha DC. Miezi miwili kabla yake kosa la jinai la kukashifu lilikuwa limeangushwa pia. Wapo waliolia kwamba milango ya matusi imefunguliwa, na kweli mitandao ilijaa maneno ambayo hayaandikiki kwenye gazeti. Lakini kifungu kile kilikuwepo muda wote ambao Ngei alitisha watu na foleni fupi ziliitwa ndefu, na hakikumlinda raia hata mmoja dhidi ya dharau ya mkubwa. Kilielekea upande mmoja tu.

Vijana wa Juni 2024 walikuja na namna yao. Mswada wa fedha ulipokuwa bungeni walisambaza namba za simu za wabunge na kuhimizana kuwasalimia. Salamu zikamiminika kwa maelfu, kwa ujumbe na kwa simu, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za nyumbani. Nyingi zilikuwa na adabu kamili ya mwanzo, hujambo mheshimiwa, kisha swali: utapiga kura vipi? Wabunge walilalamika kwamba wanaonewa, kwamba simu hazitumiki tena. Wengi walizizima. Tarehe 25 Juni mswada ukapita, waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi mitaani, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wale wa Kariokor walisubiri wiki sita. Hawa walisubiri jibu la simu kwa siku chache, na waliopiga walikuwa na namba sahihi.